Pasipoti ya Kenya au Tanzania, kura ya Uingereza

Barua ya halmashauri iliponifikia mara ya kwanza, ikiuliza nani wanaishi nyumba hii, niliiweka kando na matangazo ya piza. Nilidhani kura ni mambo ya wenyeji. Chaguzi mbili zikapita, ndipo mzee mmoja msikitini akaniambia: "Mwanangu, wewe si Mtanzania? Basi kura unayo."

Alisema kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa halali ya kuishi Uingereza, awe na viza ya kazi au ya masomo, anachagua diwani na mbunge pia. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamo. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo hawamo, isipokuwa wakiwa Scotland au Wales, ambako wakazi wa kigeni wenye ruhusa huchagua madiwani na bunge la huko.

Kujiandikisha ni bure, na huchukua kama dakika tano kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Kuwa na namba yako ya bima ya taifa ya Uingereza (National Insurance), na penye uraia jaza uraia wako wa kweli. Fanya hivyo si chini ya siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Ukihama, jiandikishe upya. Hapa ndipo tunapoangukia, maana sisi tunahama sana: leo chumba cha kupanga, mwakani mji mwingine, na jina linabaki kule.

Wapo wanaoogopa kwamba viza itaguswa. Haiguswi, kura hii umepewa na sheria.

Lakini aliye Marekani asinisome vibaya. Huko asiye raia hana kura ya rais wala ya Bunge. Ukiomba leseni ya udereva na ukaulizwa kama unataka kujiandikisha, kataa, na usitie saini fomu usiyoielewa. Kujitaja kuwa raia wakati si raia kunaweza kukufukuzisha nchini.

Kwa walio Uingereza, siku ya kura beba kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nyumbani inakubalika, hata ikiwa imeisha muda, mradi sura bado inafanana. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Mwenye zamu ndefu hospitalini aombe mapema kura ya posta.

Katika uchaguzi mkuu wa 2024, wapiga kura wanne kati ya kila kumi walioandikishwa hawakupiga kura. Inaniuma, maana diwani ndiye anayeamua bajeti ya matunzo ya wazee, kazi inayowalisha wengi wetu, na watu wachache tu huweza kumweka au kumwondoa. Mwaka huo tulitoka wanne nyumbani kwetu, pasipoti mkononi, na mama wa Kiganda tuliyepanga naye alikuwa wa kwanza kwenye foleni.