Kukodi au kununua fleti Kilimani, Nairobi: lianze jengo, vyumba baadaye

Anayeonyeshwa fleti Kilimani kwa mara ya kwanza hutazama vigae, kabati za jikoni na rangi ya kuta. Hivyo vyote fundi anaweza kuvibadilisha kwa wiki mbili. Maji, umeme, lifti na usimamizi wa jengo huwezi kuvibadilisha peke yako, na humo ndimo yanamotoka malalamiko mengi.

Nyumba za mtaa huu ni za aina tatu hivi. Kuna fleti za zamani za ghorofa nne au tano, vyumba vipana, nyingi hazina lifti. Kuna minara mipya yenye vyumba vidogo, jenereta, jimu na bwawa la kuogelea. Mezoneti, yaani nyumba za familia moja zenye ghorofa ndani, zimebaki chache. Kwa familia yenye watoto, tungechagua fleti ya zamani iliyotunzwa vizuri, kwa sababu gharama ya bwawa na lifti huingia kwenye ada ya huduma kila mwezi, uvitumie usivitumie.

Anza na maji. Ya kaunti huja kwa mgao, kwa hiyo majengo mengi yamechimba kisima chao. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi huzidi kiwango cha floridi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi ikizidi hutia meno ya watoto madoa ya kahawia, na kuchemsha maji hakuiondoi. Omba matokeo ya maabara. Wakikosa kuyaonyesha, panga bajeti ya maji ya kunywa ya kununua au ya mtambo wa kuchuja unaoondoa floridi. Kichujio cha kawaida cha mkaa hakitoshi. Kisha uliza ukubwa wa matangi na upige hesabu: fleti 60 zenye watu watatu kila moja, kila mtu akitumia lita 100, humaliza lita 18,000 kwa siku. Matangi ya lita 20,000 hayatakuvusha siku ya pili pampu ikiharibika. Ukiwa ndani, fungua bomba la jikoni na la bafu kwa pamoja, hasa ghorofa za juu.

Kuhusu umeme, usiulize tu kama jenereta ipo. Uliza inawasha nini: mara nyingi ni lifti na taa za ngazi pekee. Hakikisha fleti ina mita yake ya tokeni (umeme wa kulipia kabla ya kutumia), uandike nambari yake, na uulize kama ina deni. Kama mita ni ya mwenye jengo, uliza anauza yuniti moja kwa bei gani.

Rudi jioni, saa moja ikishapita, uone foleni ya magari langoni na foleni ya lifti. Zunguka nyuma ya jengo: harufu ya maji taka au gari la kunyonya linalokuja mara kwa mara ni dalili kwamba mtaro umelemewa. Tazama pia ploti jirani. Ikiwa na nyumba ya zamani iliyozungushiwa mabati, tarajia ujenzi wa miaka kadhaa, na baadaye ukuta mbele ya dirisha lako.

Mpangaji huombwa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja au miwili. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo Kilimani ngao yako ni mkataba. Uandikwe kodi itapanda lini na kwa asilimia ngapi, ada ya huduma imo au haimo, nani hutengeneza nini, na amana itarudishwa baada ya siku ngapi. Piga picha kila ukuta, sinki na kufuli siku ya kuingia, umtumie ajenti siku hiyo hiyo. Amana nyingi huliwa kwa kisingizio cha kupaka "rangi" upya, na picha zenye tarehe ndizo zitakazokutetea.

Kwa mnunuzi, tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake ya umiliki, na wenye fleti huunda shirika linalosimamia sehemu za pamoja. Majengo ya zamani yaliuzwa kwa mikataba mirefu ya ukodishaji pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi. Uliza kama hati imeshabadilishwa kufuata sheria hiyo mpya. Wakili afanye upekuzi rasmi wa ardhi na aangalie kama benki inaishikilia kama dhamana ya mkopo. Ikiwa inaishikilia, hasa kwa jengo ambalo bado linajengwa, usilipe bila barua ya benki inayokubali kuachilia fleti yako. Malipo yafuate hatua za ujenzi, si kalenda. Maegesho yako yaandikwe kwenye mkataba. Tenga pia ushuru wa stempu wa asilimia 4 na ada ya wakili.

Kabla ya kusaini, omba hesabu za jengo za miaka miwili na barua kwamba fleti haina deni la ada. Bajeti ya shilingi 1,200,000 kwa mwezi ikigawanywa kwa fleti 100 zinazolingana ni 12,000 kila moja; lakini 30 zisipolipa, kinachokosekana ni 360,000, na kinachoanza kukwama ni lifti. Uliza pia kama kuna akiba ya matengenezo makubwa.

Mwisho soma kanuni za jengo: wageni wa kukodi kwa siku, mbwa, mitungi ya gesi ya kilo 13, saa za kutoboa kuta. Siku ya kuhamia au kuhama, majengo mengi hudai barua ya usimamizi langoni. Iombe mapema, la sivyo lori litasimama nje huku mita ya gharama ikienda.