Kabla ya msimu wa sare: afya ya mafundi kwa bajeti ndogo

Kufikia siku shule zinapofunguliwa Januari, karakana za ushonaji huwa zimeshapitia wiki ngumu kuliko zote za mwaka. Oda za sare zinamiminika kuanzia Novemba, joto la kaskazi linapanda, na fundi anayelipwa kwa kipande anataka kushona mpaka usiku kwa sababu na yeye ana watoto wanaosubiri viatu na madaftari. Mwenye karakana ya mafundi kumi hana ofisa ustawi wala fedha za semina. Ila anao mwezi wa Oktoba, na ukitumiwa vizuri unatosha.

Nianze na fedha, maana ndiko watu wanakoumia zaidi na ndiko wenye karakana wanakotazama mwisho. Fundi mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, anakuja kazini akili ikiwa kwingine. Simu inaita, anatoka nje kuongea kwa sauti ya chini, akirudi anapindisha mshono. Mikopo ya simu nayo imezidisha balaa: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na wapo wakopeshaji wanaowatumia ndugu na wafanyakazi wenzake ujumbe ili kumdhalilisha mdaiwa.

Kwa hiyo tarehe ya malipo ijulikane na isisogezwe. Ukisema Jumamosi, iwe Jumamosi, hata kama shule uliyoishonea haijamaliza deni lake. Hilo linawezekana tu ukiwa umetenga malipo ya wiki mbili za mafundi kabla ya kupokea oda kubwa, au umedai malipo ya awali. Baada ya hapo tenga mfuko mdogo wa dharura, hata laki nne zinazozunguka. Masharti yake yawe mepesi: hakuna riba, kiwango cha juu kinajulikana, na makato ya wiki hayazidi robo ya anachopata. Fundi asaini daftarini, nawe usaini. Mafundi wakiwa na mchezo wao wenyewe wa kuchangiana fedha kwa zamu, waachie wauendeshe. Mchango wako ni kulipa kwa wakati ili mchezo usivunjike.

Saa za kazi zipangwe sasa, oda zisije zikazipanga zenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, zinahitaji makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu. Baada ya saa tano mfululizo mfanyakazi anastahili mapumziko ya dakika 60. Kwenye malipo ya kipande haki hiyo hubaki kwenye karatasi, kwa sababu kila dakika ya kusimama ni suruali moja inayochelewa. Nimeona mafundi wasiokunywa maji asubuhi nzima ili wasiende chooni. Kumwambia mtu apumzike huku jirani yake anashona hakusaidii. Saa saba mchana zima umeme wa mashine zote, na wewe uketi ule nao. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo; kubaliana naye mapema atazigawaje.

Maji ni hesabu tu. Kwenye joto, kikombe kimoja, karibu robo lita, kila dakika 15 hadi 20 ndicho kipimo kinachopendekezwa kwa anayefanya kazi. Hata mafundi kumi wakinywa lita tatu tu kila mmoja, ni lita 30 kwa siku. Ndoo yenye koki na mfuniko, kila mtu na kikombe chake. Choo nacho kiwe safi, kiwe na maji na sabuni, la sivyo ndoo itabaki imejaa.

Viti havihitaji kununuliwa upya. Mkague fundi mmoja mmoja akiwa ameketi anashona: viwiko viwe usawa wa meza ya cherehani, nyayo zikanyage pedali bila kunyoosha mguu. Kwa wengi tatizo ni stuli fupi, na seremala huipandisha kwa vipande vya mbao kwa siku moja. Mito ya kukalia na ya mgongoni inashonwa hapohapo kwa mabaki ya kitambaa. Kila sindano ipate taa yake, hasa kwa sare nyeusi na bluu. Vumbi la pamba lifagiliwe sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji kidogo.

Ajali mbili zifanyiwe mazoezi kabla. Sindano ikipenya kidole: zima mashine kwanza, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ipande. Ikiwa imevunjikia ndani, usiichokonoe. Mpeleke hospitali, na aulize kuhusu sindano ya pepopunda. Pasi ikimuunguza mtu: maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala mafuta. Hakikisha karakana imesajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi imelipwa. Ni asilimia 0.5 ya mishahara, kwa hiyo anayelipa milioni tatu kwa mwezi anachangia 15,000, na haikatwi kwa fundi.

Kipimo cha presha cha mkononi ni ununuzi mmoja unaofaa. Mtu aketi ametulia dakika tano, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Akirudia kupata 140/90 au zaidi siku tofauti, aende zahanati. Majibu ni yake. Yasiandikwe kwenye daftari la mahudhurio wala kutajwa mbele ya wenzake. Vivyo hivyo kwa anayekujia kusema halali usiku au anajisikia kulia bila sababu. Msikilize faraghani, umruhusu aende kliniki bila kukatwa siku.

Kwa zamu zinazovuka saa mbili usiku, nauli ya bajaji ya pamoja iingie kwenye bei ya sare tangu unapomtajia mteja. Na kabla hamjakata kitambaa cha kwanza, bandika ukutani ratiba ya likizo za Februari na Machi, majina na tarehe, kila fundi akiwa amechagua yake.