Kupiga tarumbeta Ujerumani msimu wa Krismasi kwa kujitolea: jiandae hivi

Watu wengi wanaoalikwa wanakosea kitu cha kwanza kabisa, wanadhani Krismasi ni tarehe 24 na 25, wanakata tiketi ya kufika tarehe 18 wanakuta wenzao wameshapiga mwezi mzima. Kule msimu unaanza na Adventi, jumapili 4 kabla ya Krismasi, na hata jumapili ya kabla ya hapo kikundi cha tarumbeta cha kanisa kinapiga makaburini kuwakumbuka waliofariki ndani ya mwaka. Kwa hiyo kama unaweza fika katikati ya Novemba, ukae mpaka Epifania tarehe 6 Januari. Hapo utakuwa umesaidia kweli.

Kwa sisi wa Kilimanjaro mialiko mingi inapitia usharika rafiki, maana wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika kwetu 1893 na undugu ule haujakatika, na Wamoravian wa Rungwe nao wana watu wao wa Herrnhut, mji wa Wamoravian kulekule Ujerumani. Ongea na mchungaji mapema. Kama wewe bado kijana na unataka kukaa muda mrefu, mpaka mwaka hivi, ulizia weltwärts, mpango wa Ujerumani wa vijana wa kujitolea, upande wa wanaotoka kusini kwenda kaskazini, ila kama ni msimu tu utatumia viza ya Schengen, ile ya muda mfupi ya nchi za Ulaya, siku 90 ndani ya siku 180. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, jibu kwa kawaida siku 15 lakini linaweza kufika 45, basi usisubiri Oktoba iishe. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Na mwombe mwenyeji asaini ile karatasi ya ofisi ya wageni kwao kwamba atabeba gharama zako, inasaidia sana. Viza hiyo si ya kazi, mtu akikuita ukapige sehemu kwa malipo mwambie hapana.

Tarumbeta panda nayo ndani ya ndege, usiiweke kwenye mizigo ya chini. Andika namba yake ya serial iliyochongwa juu yake na uipige picha kabla hujatoka, siku ya kurudi forodha wakikuuliza umeinunua wapi unaonyesha.

Sasa tuje kwenye noti, hapa naomba usome taratibu maana mimi hapa nilipata shida sana. Vile vikundi vya kanisa vinasoma noti jinsi zinavyosikika kwenye kinanda. Kama ulizoea vitabu vya bendi za kawaida, ukiona C unapiga wazi bila kubonyeza kitu, lakini tarumbeta ya B flati ukipiga wazi inatoa B flati, kwa hiyo wenzako wako sawa na wewe uko chini kwa toni nzima na hamna anayeelewa kelele inatoka wapi. Kwao C ya chini unabonyeza vali, yaani vile vitufe, ya 1 na ya 3, C ya juu yake unabonyeza ya 1 peke yake. Mazoezi yangu ya kwanza nilipiga ubeti mzima hivohivo, mzee aliyekaa pembeni yangu akanionyesha kwa vidole kimyakimya, usiku nikakaa kitandani nabonyeza vali bila kupuliza mpaka vidole vikazoea. Anza kujifunza ukiwa bado nyumbani, miezi 2 inatosha. Na kama wewe ni wa solfa tu, yaani do re mi, jifunze noti kabisa, utakutana na vitabu vyenye tyuni nyingi na hamna muda wa kukariri.

Baridi. Hii usiichukulie poa. Mnapiga nje sokoni, kwenye mnara wa kanisa, uwanjani, giza linaingia saa 10 jioni. Mate yanaganda ndani ya vali, unabonyeza hairudi. Dawa yake kati ya wimbo na wimbo uwe unapuliza hewa ya moto ndani bila kutoa sauti, ukishika vali kwa viganja vyote viwili, na maji uyamwage kila mara. Mdomo wa tarumbeta ukae mfukoni mpaka dakika ya mwisho, ukiuweka wa baridi kwenye midomo utaumia. Baridi pia inashusha sauti kwa hiyo sukuma bomba la kutyuni ndani, mkiingia kanisani kwenye joto livute tena kidogo. Nunua glavu zisizo na vidole, mafuta ya midomo, taa ndogo ya kubana kwenye kitabu na vibanio vya nguo, vilevile vya kuanikia, upepo ukija bila vibanio noti zinakwenda.

Usikubali kuwa mgeni wa kuonyeshwa tu. Watakuomba upige kitu cha Afrika, ni upendo wao, basi andaa tyuni 1 ya kwenu, iandike sauti zote 4 kwa noti zao, ugawe nakala wapige wote na wewe ukae sauti ya pili. Siku zingine zote kaa panapohitajika mtu.

Panapohitajika mtu zaidi ni nyumba za wazee na hospitali. Tulisimama kwenye korido, milango ya vyumba wazi, tukapiga taratibu ule wa usiku mtakatifu. Bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, muuguzi alituambia haongei na mtu siku nyingi, alianza kuimba, akaenda beti tatu bila kukosea neno, mkono wake unapiga goti. Pale pigeni chini ya nguvu yenu ya kawaida, polepole, na msiondoke baada ya ubeti mmoja maana ndo kwanza wanakumbuka maneno.

Jambo la mwisho ulize mapema, Novemba hivi, jioni ya 24 nakula wapi. Ibada ikiisha kila mtu anakwenda kwake, maduka yanafungwa mchana wa 24 na 25 na 26 hayafunguliwi, mabasi machache, na ukiwa peke yako chumbani na mkate bila mboga utalia. Sema tu wazi, watakuweka mezani. Vocha ya kupiga nyumbani nayo iwe tayari, sisi tuko mbele yao masaa 2, ukipiga saa 12 jioni ya kwao mama atakuwa bado macho anasubiri.