Somo: Kusafisha na kufufua kisu cha kukunja cha zamani kwa zana za mkono

Visu vingi vya kukunja vya zamani haviharibiwi na kutu. Vinaharibiwa na msasa wa mtu mwenye haraka. Kutu hula taratibu kwa miaka, lakini msasa mkali wa namba 120 (namba ikiwa ndogo, mkwaruzo ni mkubwa) ukiushika kwa dakika kumi unafuta muhuri wa mtengenezaji, unazungusha kona za bapa na kuacha michirizi isiyotoka. Kwa hiyo somo zima linakwenda kwa mpangilio mmoja: anza na kinachokwaruza kidogo kabisa, na usipande ngazi mpaka hicho kishindwe.

Tukubaliane majina kwanza. Bapa ni sehemu yenye makali. Msuka ni kitako cha bapa kinachoingia mpinini, na ndipo muhuri hupigwa. Springi ya mgongo ndiyo inayolishika bapa likiwa wazi au limefungwa. Mabamba ni zile sahani nyembamba za ndani, mara nyingi za shaba, na mashavu ni mfupa, mbao, pembe au plastiki inayoshikwa na mkono. Ribiti hufunga vyote pamoja.

Vifaa

Mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, sabuni ya maji, mswaki wa zamani, vijiti vya meno, matambara ya pamba, sufu ya chuma laini kabisa (namba 0000), msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, kipande cha shaba laini chenye ukingo ulionyooka, kinoo cha 400 na cha 1000, ukanda wa ngozi, tepu, na nyundo ndogo ya gramu 100 hadi 200. Mashine ya kusaga chuma (grainda) haimo kwenye orodha, na sababu utaiona kwenye kunoa.

Kagua kabla ya kugusa

Jua bapa ni la aina gani. Feleji ya kaboni huwa na rangi ya kijivu au buluu iliyokolea, pamoja na kutu nyekundu. Feleji isiyoshika kutu hubaki nyeupe, ikiwa na vidoa vichache tu. Sumaku haitakusaidia hapa, maana mabapa mengi yasiyoshika kutu nayo hunaswa na sumaku.

Kisha jua mashavu ni ya nini. Ukisugua shavu kwa kidole mpaka lipate joto na likatoa harufu ya kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani. Weka mbali na moto, maana huwaka upesi sana, na usiiguse kwa asetoni, itayeyuka.

Hatua ya 1: Kufungua kilichokwama

Usishike bapa kwa koleo. Meno ya koleo yanaacha alama za kudumu, na ukivuta kwenye ule mfuo wa ukucha (kijifereji cha kufungulia bapa), bapa jembamba linaweza kukatika papo hapo. Weka matone mawili ya mafuta ya taa kila upande wa kiungo, simamisha kisu kiungo kikiwa chini, ngoja saa kadhaa, rudia. Kwa mpini wa plastiki au wa chuma unaweza kukizamisha kiungo kwenye kikombe chenye mafuta ya kina cha sentimita moja au mbili kwa saa 12 hadi 24. Mfupa na mbao usizizamishe, zitanyonya mafuta na kubaki na doa. Seluloidi nayo ipe matone tu.

Zungushia tepu tabaka tatu kwenye makali mara tu yanapojitokeza. Sukuma bapa kwa kabari ya mbao laini, milimita mbili mbele, milimita mbili nyuma. Uji mweusi au wa kahawia utatoka kwenye kiungo. Futa, ongeza tone, endelea. Uji huo ukitoka, kazi inakwenda. Usipotoka na bapa halisogei, ongeza muda, usiongeze nguvu. Kisu chenye mabapa mawili yanayotumia springi moja, usiyaache yote nusu wazi kwa wakati mmoja, springi inapindwa kutoka ncha zote mbili na ya zamani inaweza kupasuka.

Hatua ya 2: Kuosha ndani

Mafundi wengi wapya huruka hatua hii na kukimbilia kung'arisha bapa. Kumbe kisu kizito kufunguka kwa kawaida hakina tatizo la kutu: kina mafuta yaliyoganda yakachanganyika na vumbi na nyuzi za mfukoni. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, mswaki. Chonga kijiti cha meno kiwe bapa kama bisbisi, kokoa sakafu ya mpini ambako makali hulala, hasa pembe ya mwisho chini ya springi. Funga na kufungua mara 20 hadi 30 ukiwa ndani ya maji, utaona wingu jeusi likitoka kiunganoni.

Mfupa, pembe na mbao zipe dakika moja au mbili tu majini, kisha kausha. Baada ya tambara, anika kisu kikiwa wazi saa moja mahali penye hewa, halafu tia tone la mafuta ya cherehani kiunganoni na ukizungushe. Mafuta yakitoka yana rangi ya maziwa, bado kuna maji ndani. Rudia mpaka yatoke safi.

Hatua ya 3: Kutu kwenye bapa

Paka mafuta, ngoja dakika kumi, kwangua kwa ukingo wa shaba. Shaba ni laini kuliko feleji iliyopikwa (iliyokomazwa kwa moto), hivyo inang'oa kutu bila kuchimba bapa. Kisha sufu ya chuma yenye mafuta. Visu vingi vinaishia hapa, na ni vizuri viishie hapa. Rangi ya kijivu iliyobaki ni ngozi ya uzee na inakinga bapa kidogo. Kinachopaswa kuondoka ni chekundu na cha kahawia kinachochafua tambara.

Ikibidi msasa, uzungushie kwenye kijiti kilichonyooka au kifutio kigumu, usitumie kidole, maana kidole kinachimba katikati na kuzungusha kona. Loanisha kwa mafuta. Sugua kwa urefu wa bapa, kuelekea ncha, bila kurudisha. Funika muhuri kwa tepu. Anza na 600, na 400 iwe kwa kutu sugu tu. Usihamie namba inayofuata mpaka michirizi ya iliyotangulia imekwisha. Ili kuiona, inamisha bapa chini ya taa ya upande mmoja.

Mashimo ya kutu yaache. Piga hesabu: bapa lina unene wa milimita 2, shimo lina kina cha milimita 0.3 pande zote mbili. Kulifuta kabisa kunakula milimita 0.6, karibu theluthi moja ya bapa. Safisha shimo kwa ncha ya sindano na mafuta mpaka libaki jeusi tupu.

Hatua ya 4: Bapa linalocheza

Bapa likiyumba kushoto na kulia, ribiti ya kiungo imelegea. Kata kipande cha kopo la soda la alumini (ukuta wake ni kama milimita 0.1), kichomeke kati ya msuka na bamba. Laza kichwa cha ribiti cha upande mmoja juu ya chuma kigumu, gonga kile cha juu mara tano au sita, kwa uzito wa nyundo yenyewe tu. Chomoa kopo, jaribu. Bado linacheza? Rudia. Kile kipande ndicho kinachoacha nafasi ya bapa kusogea. Bila hicho utalikaza kisu mpaka kisifunguke, na kulegeza ribiti iliyokazwa ni kazi ngumu mara kumi.

Hatua ya 5: Mpini

Mfupa na pembe: tambara lenye mafuta mepesi ya madini, kisha futa pakavu. Mbao: tabaka nyembamba ya mafuta ya kitani, futa baada ya robo saa. Matambara ya mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke au yaloweke majini, usiyafinyange na kuyatupa pipani, huweza kujiwasha yenyewe. Ukijani kwenye mabamba ya shaba unatoka kwa kijiti cha meno na mafuta. Ni kazi ya uvumilivu tu.

Hatua ya 6: Kunoa

Lenga nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kwa bapa la upana wa milimita 15, nyuzi 20 ni kuinua mgongo wa bapa milimita 5 juu ya kinoo, na nyuzi 15 ni karibu milimita 4. Paka kalamu ya wino mzito kwenye makali, pitisha mara mbili, tazama. Wino ukitoka juu tu, umelaza mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umesimamisha mno. Noa upande mmoja mpaka uhisi ukunjo mwembamba unaokwaruza kidole upande wa pili, kwa urefu wote, ndipo ugeuze. Maliza kwenye ngozi, mara 10 hadi 15 kila upande, ukivuta kinyumenyume, mgongo wa bapa ukitangulia.

Mashine ya kusaga chuma inapasha makali joto kabla mkono haujahisi kitu. Yakigeuka buluu, yamefika karibu nyuzi joto 300 na upikaji umeharibika hapo. Makali hayo hayatadumu tena mpaka uondoe sehemu yote iliyobadilika rangi.

Mwisho, tone moja la mafuta ya cherehani kila kiungo na tambara lenye mafuta juu ya bapa. Kisu cha kumenyea matunda kipake mafuta ya madini yanayofaa kwa chakula. Mafuta ya kupikia usitumie, yanakauka na kuwa gundi, na utarudi hatua ya 2.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo limeeleweka. Ila mimi nilishakiloweka kisu kizima kwenye siki usiku kucha. Bapa limekuwa jeusi na springi nayo imeingia. Nimekiharibu?

Jibu: Weusi wa bapa si ugonjwa, sufu ya chuma itaupunguza. Hofu ni asidi iliyobaki kiunganoni. Kioshe sasa hivi kwa maji yenye magadi ya kupikia, kijiko kimoja kwa glasi, ukifungua na kufunga, kisha maji safi, kausha, mafuta. Safari nyingine siki iguse bapa peke yake, na uangalie kila baada ya nusu saa. Springi iliyopikwa ngumu ikikaa kwenye asidi huku imebanwa inaweza kupasuka ghafla.

Swali: Nikifunga, nasikia "tik", na makali yana pengo mahali palepale kila nikinoa.

Jibu: Makali yanagonga springi. Laza ukanda wa karatasi juu ya springi, funga polepole, fungua. Karatasi ikikatwa, umepata jibu. Punguza makali kidogo kwenye kinoo eneo hilo, na uache kulibamiza bapa, lisindikize kwa vidole.

Swali: Changu ni kinyume, ncha inatokeza nje kikifungwa na imeshanichoma mfukoni.

Jibu: Chini ya msuka kuna kinundu kidogo kinachokaa juu ya springi. Kipunguze kwa tupa laini, mpapaso mmoja au miwili, jaribu, rudia. Ukizidisha utakuwa na tatizo la mwenzako hapo juu, na chuma ulichoondoa hakirudishiki.

Swali: Je, si bora kung'oa ribiti zote nisafishe kila kipande?

Jibu: Kwa kisu kinachofanya kazi, hapana. Mashavu ya mfupa ya zamani hupasuka kwenye tundu za ribiti, na kurudisha kila kitu kikae sawa kunataka uzoefu. Ng'oa tu kama springi imepasuka au shavu limevunjika.

Swali: Bapa moja linashika kutu upya kila mwezi, la pembeni yake halina kitu. Mpini ni wa manjano, unanuka kafuri.

Jibu: Seluloidi inayooza. Inatoa mvuke wa asidi, na bapa lililo karibu na shavu bovu ndilo linaloumia. Kitenganishe na visu vingine leo, kikae mahali penye hewa, si kwenye kopo wala mfuko wa nailoni. Dawa ni kubadilisha mashavu.

Swali: Kwenye ala ya ngozi je, nihifadhi humo?

Jibu: Kubebea sawa, kuhifadhia hapana. Ngozi inashika unyevu, na kemikali zilizoipika zinaleta kutu kwenye bapa na ukijani kwenye shaba. Kifunge kwenye tambara kavu lenye mafuta kidogo.