Kumnyonyesha mtoto mkubwa mimba ikiwa changa

Mwanamke akigundua kuwa ana mimba ilhali mtoto aliyetangulia bado ananyonya, jambo la kwanza analoambiwa, mara nyingi kabla hata hajafika kliniki, ni kwamba amwachishe mtoto ziwa siku hiyo hiyo. Sababu inayotolewa ni kwamba maziwa ya mjamzito yameharibika, na mtoto akiendelea kuyanyonya atabemendwa, yaani ataharisha, atakonda, na miguu italegea asiweze kutembea kwa wakati wake. Mimi niliambiwa hivyo na mama mkwe nilipokuwa na mimba ya wiki 7, mwanangu akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, na shubiri ya kupaka kwenye chuchu ilikuwa tayari imepondwa kwenye kisahani. Nilimshukuru, nikakiweka kisahani juu ya kabati, nikaenda kliniki kuuliza kwanza. Yafuatayo ni kwa ajili ya mama aliye katika hali kama ile.

Tuanze na maziwa yenyewe, kwa kuwa hofu yote imejengwa hapo. Maziwa ya mjamzito hayageuki sumu wala uchafu. Kinachotokea ni kwamba homoni za mimba, hasa projesteroni, hupunguza kiasi chake, na kwa wanawake wengi upungufu huo huonekana wazi kuanzia mwezi wa 4 au wa 5. Ladha nayo hubadilika: sukari ya maziwa hupungua na chumvi huzidi, kwa sababu ziwa limeanza kutengeneza dang'a kwa ajili ya mtoto ajaye. Dang'a hulainisha choo, hivyo mtoto mkubwa anaweza kupata choo laini kuliko kawaida, na huenda ndiyo maana watu husema maziwa yamemharisha.

Hata hivyo, wazee hawakuwa wakisema jambo la kubuni. Waliona kwa macho yao mtoto akidhoofika mara mama anapobeba mimba nyingine. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliutangaza kwa madaktari wenzake ugonjwa ambao Waga, watu wa kabila moja la huko, walikuwa na jina lake tayari, kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto anapopisha mdogo wake. Sisi tunaita kwashiakoo. Mtoto huyo hakudhuriwa na maziwa aliyonyonya. Alidhurika kwa kunyang'anywa ziwa ghafla na kuachiwa uji mwepesi wa sembe usio na kitu kingine ndani yake. Kwa hiyo anayemkatiza mtoto ziwa siku moja ili asibemendwe, bila kumwandalia chakula cha kutosha, anaweza kumletea udhaifu ule ule anaoukimbia.

Hofu ya pili ni kwamba kunyonyesha kutaharibu mimba. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini, ambayo husukuma maziwa yatoke na pia hukaza mji wa mimba. Ndiyo inayoleta lile tumbo la kukaza siku chache baada ya kujifungua. Lakini katika miezi ya mwanzo ya ujauzito mji wa mimba hauitikii homoni hiyo kwa nguvu, kwa sababu vipokezi vyake bado ni vichache na huongezeka sana mimba inapokaribia kukomaa. Ndiyo maana kwa mama mwenye afya, ambaye mimba yake haina matatizo na mtoto wake mkubwa ameshaanza kula vizuri, wataalamu hawaoni sababu ya kumkataza.

Si kila mama yumo katika kundi hilo, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Ikiwa mimba hii imekwisha kutoka damu, ikiwa umewahi kuharibikiwa na mimba zaidi ya mara moja au kujifungua kabla ya wakati, ikiwa umebeba mapacha, au ikiwa umeambiwa kuwa mlango wa kizazi ni dhaifu, usiendelee kunyonyesha kwa kuamua mwenyewe wala kwa kunisoma mimi. Mweleze daktari au mkunga historia yako yote na usubiri jibu. Kipimo rahisi cha kujikumbusha ni hiki: kama umeshauriwa usikutane na mumeo kwa sababu ya mimba, basi na kunyonyesha nako kuulizie siku hiyo hiyo. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu, au anayepungua uzito kwa sababu ya kutapika, naye atatue hilo kwanza.

Nenda kliniki mapema, kabla mimba haijatimiza wiki 12, na umchukue mtoto pamoja na kadi yake. Sema mwenyewe kuwa unanyonyesha, maana ukikaa kimya huenda usiulizwe, kwa kuwa foleni ni ndefu na muuguzi anaangalia tumbo. Utapimwa wingi wa damu, shinikizo la damu, kaswende na VVU. Kipimo cha VVU usikikwepe kwa kuwa ulipimwa kwenye mimba iliyopita: maambukizi mapya wakati wa ujauzito au kunyonyesha ni hatari zaidi kwa mtoto kuliko ya zamani yaliyodhibitiwa kwa dawa. Mama anayeishi na VVU ambaye anameza dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha, ila azungumze na mhudumu wake kuhusu kiwango cha virusi na mpango wa watoto wote wawili.

Utapewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, na kuanzia wiki ya 13, katika maeneo yenye malaria, utapewa SP, dawa ya kukinga malaria. Vidonge vya kuongeza damu havimdhuru mtoto anayenyonya. Vinavyomdhuru ni vile atakavyovichukua mwenyewe mezani, kwa sababu vingi vina rangi kama pipi, na idadi ndogo tu yaweza kumtia sumu mtoto wa mwaka mmoja. Viweke juu, mahali asipofika hata akipanda kiti. Dawa nyingine yoyote, ikiwemo ile ya mitishamba ya kutuliza kichefuchefu, iulizie kwanza, kwani sasa unameza kwa niaba ya watu watatu.

Umri wa mtoto ndio unaoamua mengi yaliyobaki. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hutegemea ziwa tu, na maziwa yakipungua hana pengine pa kushika. Huyo apimwe uzito mara kwa mara, na mhudumu ndiye atakayesema kama anahitaji maziwa ya ziada na ya aina gani. Mtoto wa miezi 6 hadi 12 bado anayahitaji sana maziwa, lakini chakula chake kiongezwe bila kusubiri dalili. Aliyepita mwaka mmoja ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi: apate milo 3 hadi 4 kwa siku, na kitafunwa kimoja au viwili katikati, uji wake ukiwa mzito na umetiwa karanga au maziwa, wali au ugali wake ukiambatana na maharage, yai, dagaa waliosagwa au samaki, mboga ya majani na tunda. Kila mwezi apelekwe kwenye mizani. Utepe wa kupima mkono nao usiudharau: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzingo wa sentimita 12.5 au zaidi ni kijani, kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, na chini ya 11.5 ni nyekundu, ambayo maana yake ni kwenda kituo cha afya siku hiyo.

Chakula cha mama ndicho hupuuzwa, hasa katika nyumba ambamo mama hula mwisho. Mwili wako unalisha mimba, unatengeneza maziwa, na bado unapika na kuchota maji. Ongeza walau mlo mmoja kamili juu ya ile uliyozoea, na zaidi ikiwa mtoto bado ananyonya mara nyingi. Chai na kahawa usinywe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Ngoja kama saa moja. Hamu ya kula udongo ikikujia, itaje kliniki badala ya kuificha, maana huambatana mara nyingi na upungufu wa damu.

Sasa kunyonyesha kwenyewe. Katika wiki za mwanzo chuchu huuma kuliko ilivyokuwa kwa mtoto mchanga, na maumivu hayo yatokana na homoni, kwa hiyo mafuta ya kupaka hayayaondoi yote. Linalosaidia ni mtoto kushika ziwa vizuri: afungue mdomo wote, aingize chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, wala asiachwe kuichezea kwa meno akisinzia. Ukitaka kumwondoa, usimvute. Penyeza kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake mpaka aachie. Usiioshe chuchu kwa sabuni, na ukimaliza pakaza tone la maziwa yako uliache likauke. Wengine huchefukwa maziwa yanapoanza kutoka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kipande cha muhogo wa kuchemsha dakika chache kabla kilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Lala ubavu, uweke mto mgongoni, upumzike naye.

Pia punguza muda bila kumnyima. Mwanangu nilimfundisha kuhesabu: alikuwa amekunja pindo la khanga yangu kiganjani, nami nahesabu moja hadi kumi taratibu, nikifika kumi anaachia. Wiki ya kwanza alilia kila nilipofika nane, kwa sababu alijua kinachokuja. Wiki ya tatu alikuwa akisema "kumi" yeye mwenyewe, na mara nyingine akiruka saba na nane. Mpe chakula kwanza kisha ziwa, na usiku mwachie baba yake ambembeleze mara moja kati ya mbili. Hii ni kazi anayoiweza kabisa, hata kama atasema mtoto hamtaki.

Wakati wa kunyonyesha tumbo linaweza kukaza kidogo kisha likaachia. Likiendelea kukaza baada ya mtoto kutoka ziwani, mwondoe, kunywa maji, lala. Lisipotulia baada ya saa moja, au ukiona damu, maji yakitoka ukeni, maumivu makali ya tumbo au homa, acha kunyonyesha na uende hospitali bila kusubiri asubuhi.

Ukiamua kumwachisha, au ukishauriwa hivyo huku hali ikiruhusu muda, punguza nyonyesho moja kila baada ya siku tatu au nne, ukianza na la mchana ambalo mtoto halijali sana na kumalizia na la kulalia, na kila unalolitoa weka chakula au mchezo mahali pake. Shubiri na pilipili humtisha mtoto bila kumshibisha, na pilipili huunguza midomo na macho yake. Kumpeleka kwa bibi kwa wiki nzima humwondolea ziwa na mama kwa pamoja, jambo ambalo kwa mtoto wa umri huu ni zito.

Wengine huacha wenyewe. Wangu alikuwa amebaki na nyonyesho la usiku tu mimba ilipofika mwezi wa 5. Jioni moja alivuta mara mbili, akaachia, akanitazama, akasema "chumvi", akashuka kitandani kwenda kwa baba yake. Kwa mtoto anayeendelea hadi kujifungua, mwambie mkunga mapema, na siku zile za kwanza za dang'a mchanga anyonye na kutosheka kabla ya mkubwa kupewa zamu yake.