Kuulizwa habari za baiskeli kwa Kiingereza: mambo ya kuzingatia kabla ya mtihani

Baiskeli ni mada inayodanganya. Kwa kuwa kila mtu anaijua, watahiniwa wengi wa IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huiruka na kukazana na mazito kama tabianchi na akili mnemba. Siku ikifika, mtu anaulizwa kama alikuwa na baiskeli utotoni, anajibu “Yes, I had one,” ananyamaza. Mtahini naye anamtazama, anasubiri.

Ujue kwanza dakika zinavyogawanyika. Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Dakika 4 au 5 za mwanzo ni maswali mepesi: unapanda baiskeli? Ulijifunza ukiwa na umri gani? Kwenu watu wanazitumia? Kisha unapewa kadi yenye mada na dakika 1 ya kujipanga, na karatasi na penseli ya kuandikia, halafu unazungumza peke yako dakika 1 hadi 2. Mwisho ni mjadala mpana wa dakika 4 au 5. Baiskeli inaweza kuchomoza popote hapo.

Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: mtiririko wa maneno, msamiati, sarufi na matamshi. Ukweli wa habari yako haupimwi. Kwa hiyo hata asiyejua kupanda baiskeli hana cha kuogopa. Aseme hajui, kisha aseme kwa nini: nyumbani ilikuwapo moja tu na baba aliitumia kupeleka maziwa, au alikulia Tukuyu, mahali ambapo kutoka mlangoni tu umeshakutana na mteremko.

Kwenye hiyo “kwa nini” ndipo wengi wetu tunakwama, na kwa maoni yangu chanzo ni malezi kuliko shule. Mtoto mwenye adabu humjibu mkubwa kwa kifupi; akiendelea bila kuulizwa, ataambiwa ana mdomo. Mtahini si mjomba wako. Anataka uendelee. Jizoeze kila jibu la mwanzo liwe na sentensi mbili au tatu: jibu lenyewe, sababu, na mfano mmoja. Usizidishe hapo, maana ukianza kuhutubia atakukatiza ahamie swali lingine, na wala hatakuwa amekasirika.

Sasa msamiati. Achana kwanza na orodha za maneno magumu, nenda kwa fundi baiskeli, awe wa Mwanjelwa kule Mbeya au wa Kihesa kule Iringa. Mwangalie anavyoigeuza baiskeli matairi juu, anavyochomoa tyubu, anavyoijaza upepo na kuizamisha kwenye karai la maji. Mapovu yakitoka, anaweka alama, anakausha, anakwangua kwa msasa, anapaka solusheni, anaisubiri ikauke kidogo, anabandika kiraka na kukigonga. Simulia kila hatua kwa Kiingereza, kimoyomoyo, akiwa anaifanya. Utakaponasa, hilo ndilo neno la kwenda kulitafuta jioni. Cheni, breki, spoki na pampu hazitakusumbua, mradi uzinyang’anye irabu za mwisho. Mitego iko kwenye vitu kama usukani, ambao kwa baiskeli ni “handlebars”, na siti, ambayo ni “saddle”.

Kwa ajili ya kadi, andaa visa viwili au vitatu vya kwako, visiwe insha za kukariri. Wapo wanaomeza jibu la mtandaoni la mtu anayepiga pedeli kando ya mto huko Ulaya, wakati wao wamekulia Iringa. Watahini wamefundishwa kulitambua jibu la kukariri. Ataweka swali la pembeni na mto wote utakauka. Mteremko wa kutoka mjini kwenda Ipogolo una habari tosha: breki ya nyuma imekatika, unashusha mguu na kukandamiza kandambili kwenye tairi, mpira unanuka, na kule chini malori ya barabara kuu yanapita. Kurudi, unasukuma kwa miguu sambamba na mwenye magunia ya mkaa kwenye keria. Ukiwa na kisa cha namna hiyo, dakika 2 ni chache.

Katika ile dakika ya kujipanga andika maneno matupu, sita au saba, kwa mpangilio wa kisa. Ukiandika sentensi utaishia kuzisoma, na sauti ya kusoma inajulikana.

Sarufi itakayokuumbua kwenye kisa ni ya mambo mawili. La kwanza ni wakati: unaanza na habari za utotoni vizuri, utamu ukikolea unateleza kwenye wakati uliopo. La pili ni “yeye”, ambaye kwa Kiswahili hana jinsia. Bibi aliyekununulia baiskeli anaanza kuwa “she”, sentensi mbili mbele amegeuka “he”. Jirekodi kwa simu, sikiliza hayo mawili tu, mengine yaache.

Matamshi yasikutishe. Lafudhi ya nyumbani haikupunguzii alama ilimradi unaeleweka. Ila kama lugha ya kwenu inachanganya “r” na “l”, fanyia mazoezi “ride” na “road”, kwa kuwa mada hii itakulazimisha kuyataja kila mara. Na kama umezoea kusema “samani” palipoandikwa “thamani”, kumbuka kwamba sauti inayoanza “thelathini” ndiyo ya “think”, na ya “dhahabu” ndiyo ya “this”.

Mjadala wa mwisho huuliza kwa nini watu waache magari, au kama serikali ijenge njia za baiskeli. Hapa jiografia ya kwetu ni mtaji. Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu, lakini ni nchi tambarare. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kwa milima na mabonde, ndiyo maana bodaboda na bajaji zimetamba. Shuka bonde la Usangu, kuanzia Igurusi hadi Rujewa: nchi imelala, baiskeli zimebeba mpunga. Ukiweza kulinganisha hivyo, umeshatoa hoja na sababu zake.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Beba kitambulisho kilekile ulichojiandikishia. Hakiki tarehe, kwani mahojiano yanaweza kupangwa siku tofauti na sehemu nyingine za mtihani, na kama kituo chako ni Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya si ya kufika alfajiri na kuingia chumbani na uchovu wa basi. Swali usipolisikia, omba lirudiwe, tena kwa Kiingereza.