Tusilago: Kulitambua Ua Linalotangulia Majani Yake

Theluji ikianza kuyeyuka, mimi hutembea nikiangalia kingo za mitaro. Penye udongo wa mfinyanzi uliochimbuliwa, hata nyasi hazijachipua, hapo ndipo tusilago huchomoza, kati ya Februari na Aprili. Kitaalamu ni Tussilago farfara. Tussis ni kikohozi kwa Kilatini, kwa hiyo unajua tayari watu waliitafutia nini.

Ukiona ua la manjano, piga magoti uchunguze shina. Shina la tusilago limevaa magamba madogo yenye wekundu wa zambarau, yamepandana kama vigae. Dandelioni, ua jingine la manjano ambalo wengi hulichanganya nalo, ina shina laini lenye uwazi kama mrija, na ukilivunja linatoa utomvu mweupe. Majani yake nayo yapo pale pale chini. Tusilago wakati huo haina jani hata moja. Wazee wa Ulaya waliiita "mwana kabla ya baba", na sijasikia jina linaloifaa kuliko hilo. Nenda jua likiwaka. Jioni na siku ya mvua ua hujifunga.

Kisha chomeka kijiti hapo. Mwaka wangu wa kwanza sikuchomeka, na majani yalipotoka nilizunguka siku nzima bila kupajua mahali. Majani huja maua yakishapita: yana umbo la kwato, na chini yamefunikwa manyoya meupe kama sufi.

Zamani majani na maua yalichemshwa kwa kikohozi, na Plinio, mwandishi wa Roma ya kale, alieleza jinsi moshi wake ulivyovutwa kwa mrija. Mimi siinywi, nawe nakusihi usiinywe. Ina alkaloidi za pirolizidini, yaani sumu za mimea zinazoharibu ini, na kuchemsha hakuziondoi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wakae nayo mbali kabisa.

Matumizi ninayoyapenda ni ya kuwashia moto. Chuma majani makubwa, yaanike kivulini mpaka yakauke, kisha kwangua ile sufi taratibu kwa kisu butu. Ni kazi ya subira: majani mengi hutoa kidonge kidogo tu cha sufi. Kifunge kwenye kitambaa cha pamba kilicholowekwa katika maji ya shura, chumvi inayosaidia kitu kushika moto, ukianike juani mpaka kikauke kabisa. Cheche moja ikitua, hakilipuki. Kinashika kimya kimya, wekundu ukitambaa polepole, nawe una muda wa kukisogeza kwenye nyasi kavu na kupuliza.